Ng'ombe wa Ukambani na Gharama ya Nguvu

Katikati ya mji wa Nairobi iko barabara iitwayo Muindi Mbingu, nayo yapita karibu na soko kubwa la mji. Makarani na wachuuzi waipitao asubuhi na jioni ni maelfu, walakini ni wachache wajuao ya kuwa jina hilo lilipata sifa kwa ajili ya ng'ombe. Wala hawakuwa ng'ombe wa maonyesho wenye maziwa mengi. Walikuwa ng'ombe wadogo wenye nundu, wengi wao wamekonda kwa kiangazi, ambao mwaka 1938 walipelekwa mnadani kwa amri ya Serikali ya Koloni. Habari yenyewe yafaa kusimuliwa tena, maana maswali yaliyoulizwa mwaka ule, yaani nani apange bei ya ng'ombe wa mtu, na askari ana kazi gani sokoni, hayajapata kujibiwa mpaka leo.

Mtu aliyepanda vilima vya Machakos katika miaka ya 1930 aliona jambo la kuhuzunisha. Mvua chache zilizonyesha zilikuwa zimechukua udongo wa juu, zikaacha makorongo mekundu na mawe matupu. Nzige walikuwa wamekuja mwishoni mwa miaka ya 1920, na njaa ikafuata. Kisha ukaja ukame mwingine katikati ya miaka ya 1930. Tume ya Ardhi iliyozunguka Kenya mwaka 1932 na 1933 ilisikia habari hizo, na mwaka 1937 afisa wa kuhifadhi udongo, Bwana Colin Maher, aliandika taarifa kali juu ya uharibifu wa nchi ya Machakos. Hakuna mtu aliyekana ya kuwa udongo unakwenda na maji. Ubishi ulikuwa juu ya sababu yake.

Serikali ilisema ng'ombe ni wengi mno kuliko majani. Wakamba walisema nchi ndiyo iliyopunguzwa. Vilima vya Mua vilikuwa vimekwisha kuwa mashamba ya masetla, na uwanda wa Yatta, ambako babu zao walikuwa wakichunga wakati wa kiangazi, ulikuwa umefanywa ardhi ya Serikali, hata majani yake yakawa hupatikana kwa ruhusa na kwa malipo. Kila upande ulishika sehemu ya kweli. Lakini ni haki kusema ya kuwa yule aliyeziba njia ya malisho hakukihesabu kitendo chake mwenyewe siku alipokuja kuwahesabu ng'ombe.

Tena, kwa nini mtu mmoja aweke ng'ombe ishirini, wengine wao wasio na maziwa wala nyama? Mabwana wengi wa siku zile waliliita jambo hilo upumbavu, au majivuno ya kienyeji. Lakini hesabu ya mfugaji ilikuwa hesabu safi. Ukame ukiua nusu ya ng'ombe, mwenye ishirini abakiwa na kumi, naye aweza kuanza upya. Mwenye wanne abakiwa na wawili, na huenda wote wawili wakawa madume. Ng'ombe alikuwa akiba ya njaa, mahari ya kijana, na kodi ya Serikali pia, maana dume aliuzwa ili kulipa kodi ya kichwa na ya nyumba. Karani wa leo aweka fedha zake benki na kuzisahau mpaka siku ya haja; Mkamba wa mwaka 1935 hakuwa na benki yoyote ila ile yenye miguu minne.

Yupo na mwingine aliyechangia wingi huo wa ng'ombe, naye aghalabu husahauliwa. Kwa miaka mingi nchi za Waafrika zilikuwa zikiwekwa chini ya karantini kwa sababu ya maradhi ya mifugo, hasa homa ya mapafu ya ng'ombe na sotoka. Maradhi yalikuwa ya kweli. Lakini karantini iliyowekwa ili kuwalinda ng'ombe wa mashamba ya masetla iliweza kukaa muda mrefu, na wakati wote huo mwenye ng'ombe hakuweza kumpeleka soko lenye bei nzuri. Akiba ikazidi kuzaa mle mle ndani. Ni kana kwamba Serikali ilifunga mlango kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ikalalamika ya kuwa nyumba imejaa.

Hapo ndipo kilipoingia kiwanda. Kampuni ya Liebig, iliyokuwa na jina duniani kote kwa rojo ya nyama na nyama ya mikebe, ilijenga kiwanda chake Athi River, kando ya reli, karibu kabisa na mpaka wa Ukambani. Kiwanda cha namna hiyo hakiwezi kuishi kwa ng'ombe watano leo na kumi kesho. Mitambo yake yataka ng'ombe wengi kila siku, tena wa bei ya chini, maana nyama iendayo mkebeni haihitaji kuwa ya mnyama aliyenona. Basi kukawa na Serikali itakayo kupunguza ng'ombe, na kampuni itakayo ng'ombe wa rahisi, na mambo hayo mawili yakakutana mwaka mmoja. Maafisa walisema sababu ni udongo. Watu wa Machakos, wakitazama moshi wa Athi River, walisema sababu ni kiwanda. Yaelekea wote walisema kweli. Ila aliyekuwa akinyang'anywa hakuwa na haja ya kupima ni sababu ipi iliyozidi.

Amri ilipotoka, kila lokesheni ilipangiwa idadi ya ng'ombe iwezao kubaki. Waliochaguliwa kubaki walitiwa chapa, na waliozidi walipaswa kuuzwa. Hapa msomaji aliye mkulima atatambua kasoro bila ya kuonyeshwa. Katika mnada wa kweli muuzaji aweza kumrudisha mnyama wake nyumbani ikiwa bei haimpendezi. Katika mnada wa Machakos muuzaji alilazimishwa kuuza, lakini mnunuzi hakulazimishwa kununua. Mnunuzi mkubwa aliijua hali hiyo tangu asubuhi, na hakuna mfanyabiashara duniani aongezaye bei kwa mtu asiyeweza kuondoka. Ng'ombe walitoka maelfu kwa maelfu katika muda wa miezi michache, kwa bei ambayo wenyewe waliiona kuwa ni kama faini.

Na neno faini halikuwa geni kwao. Tangu mwaka 1913 sheria ya wizi wa mifugo katika Kenya iliweza kumtoza mwizi mpaka mara kumi ya thamani ya mnyama aliyeibwa, na asipokuwa nacho mzigo ukawaangukia jamaa zake. Faini za kundi zima, kwa kosa la mmoja au wawili, zilikuwa desturi ya utawala, nazo mara nyingi zililipwa kwa ng'ombe na mbuzi. Kwa hiyo katika nchi nyingi za wafugaji, askari alipoonekana mlangoni pa boma, watu hawakudhani amekuja kuwasaidia kumtafuta mnyama aliyepotea. Walijua amekuja kuhesabu na kuchukua.

Walakini Ukambani mambo ya askari yalikuwa na upande wa pili, nao ndio uliowatia maafisa hofu kuliko yote. Wakamba walikuwa miongoni mwa watu waliotegemewa sana katika jeshi la King's African Rifles na katika polisi ya Kenya. Mshahara wa askari ulikuwa ukienda wapi? Ulikwenda nyumbani kwa baba yake, ukanunua mtamba. Baada ya miaka kumi ya utumishi, zawadi yote ya askari mwaminifu ilikuwa imesimama katika boma, ikicheua. Sasa Serikali ile ile iliyompa mshahara ilitaka kuuza akiba ya mshahara huo kwa bei ya kiwanda, na kama wazee wangekataa, wangepelekewa askari wenzake wakamate ng'ombe. Mwaka wenyewe ulikuwa 1938, mawingu ya vita yakitanda Ulaya, na kila mkubwa wa jeshi alijua ya kuwa hivi karibuni atahitaji askari wengi kutoka vilima hivyo hivyo.

Afisa apangaye kupunguza mifugo kwa nguvu huandika katika hesabu yake bei ya ng'ombe, malisho yatakayopona, na pengine ujira wa makarani wa mnada. Gharama ya askari wa kukamata, wa kulinda waliokamatwa, wa kuwatuliza watu baada ya kukamata, na gharama kubwa zaidi ya kupoteza imani ya askari mwenyewe, huwa haziandikwi popote. Zalipwa baadaye, na aghalabu zalipwa na mwingine.

Upinzani mkubwa ulianza Ngelani, katika vilima vya Iveti, kwa watu ambao baadhi yao walikuwa wamekwisha kuonja kuhamishwa kutoka vilima vya Mua. Chama cha Ukamba Members Association kiliundwa, na Samuel Muindi Mbingu akawa msemaji wake mkuu. Walikataa kupeleka ng'ombe. Serikali ikatuma watu kuwakamata ng'ombe hao. Wenyewe wakapeleka malalamiko yao Nairobi, na kwa simu na barua mpaka London, na maswali yakaulizwa katika Bunge la Uingereza.

Mwishoni mwa Julai 1938 wakaamua kwenda wenyewe. Watu zaidi ya elfu moja, waume na wake, wazee na watoto, walitoka Machakos kwenda Nairobi, safari ya maili kama arobaini, wakitaka kuonana na Bwana Gavana. Walikaa Kariokor, mahali palipopata jina lake kutokana na jeshi la wapagazi wa vita vya kwanza, ambamo vijana wengi wa Kiafrika waliingia na hawakurudi. Walikaa kwa utulivu, wiki baada ya wiki. Hawakuvunja maduka wala kupiga mtu. Polisi walikuwapo wakiwatazama, na ingefaa kujua askari Mkamba aliyewekwa zamu mahali pale aliwaza nini alipoona shangazi yake amelala juu ya mkeka kando ya moto.

Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, hakuwapokea Nairobi. Mwezi wa Agosti alikwenda Machakos mwenyewe akafanya baraza. Maneno yake hayakuwaridhisha. Baadaye Muindi Mbingu alikamatwa, akapelekwa kukaa Lamu, mbali na watu wake, na akarudi baada ya vita vya pili kwisha. Walakini kabla ya mwaka 1938 kwisha, uuzaji wa lazima ulisimamishwa. Basi aliyeongoza malalamiko alipewa adhabu, na malalamiko yenyewe yakakubaliwa. Mambo ya namna hiyo si haba katika historia ya serikali nyingi, na wala si za wakoloni tu.

Hasara haikwisha pale. Kwa miaka mingi baadaye, kila bwana shamba aliyefika na kamba na vigingi kupima mahali pa kuchimba matuta alitiliwa shaka. Watu walijiuliza: kigingi hiki ni cha kuzuia maji, au ni cha kukata mpaka wa shamba la setla mwingine? Shaka hiyo iligharimu udongo mwingi, labda kuliko ng'ombe wote waliouzwa. Kisha vita vilipoanza mwaka 1939, jeshi likataka nyama, na Serikali ikarudi tena katika nchi za wafugaji kutafuta ng'ombe kwa idadi iliyopangwa. Masikio yaliyosikia amri ile yalikuwa yamekwisha kusikia ya mwaka 1938.

Lakini nchi yenyewe ilikuja kupona, na njia iliyopita ni ya kuangaliwa. Baada ya vita watu wa Machakos walianza kuchimba matuta kwa wingi, hasa katika miaka ya 1950, na kazi ikaenda vizuri zaidi pale ilipofanywa kwa mwethya, ushirika wao wa kusaidiana, chini ya viongozi waliowachagua wenyewe, wanawake wakiwa mstari wa mbele. Kahawa, iliyokuwa imekatazwa kwa Waafrika wa sehemu nyingi, iliruhusiwa katika vilima vyao. Soko la Nairobi likataka matunda na mboga. Mtu mwenye kahawa kilimani ana sababu ya kuzuia udongo wake, wala hangoji kuamriwa. Baada ya Uhuru matuta yalizidi kuongezeka, ingawa mkono wa Serikali ulikuwa umelegea.

Mwaka 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu juu ya nchi hiyo ya Machakos ya zamani, pamoja na sehemu ambayo sasa ni Makueni. Walionyesha ya kuwa watu waliokuwa kiasi cha 240,000 mwaka 1932 walifika kama 1,390,000 mwaka 1989, na hata hivyo mmomonyoko wa udongo ulikuwa umepungua na mazao yameongezeka kuliko watu. Wako waliowajibu ya kuwa katika sehemu kavu za chini umaskini ulibaki mkubwa, na jibu hilo halifai kupuuzwa. Ila juu ya ng'ombe jambo moja ni wazi. Kila nyumba ilikuja kuwa na ng'ombe wachache kuliko zamani, wamefungwa kamba au wamewekwa bandani, wakila majani yaliyopandwa kingoni mwa matuta, na samadi yao ikirudi shambani. Ile amri ya mwaka 1938 ilitaka ng'ombe wapungue kwa miezi. Walipungua kwa miaka arobaini, mwenye ng'ombe mwenyewe akishika kalamu.

Kiwanda cha Athi River nacho kilibadili mwenyewe. Mwaka 1950 iliundwa Kenya Meat Commission, nayo ikakitwaa kiwanda kile kikawa chombo cha umma. Kwa miaka mingi kilikuwa mnunuzi mkubwa wa ng'ombe wa Kenya, kikauza nyama hata ng'ambo. Katika miaka ya 1990 kilifungwa, na kikafunguliwa tena mwaka 2006. Kilio cha wafugaji katika muda huo kimekuwa zaidi juu ya malipo yanayochelewa kuliko juu ya bei. Ng'ombe akishapimwa na kuchinjwa, mwenyewe hawezi kumrudisha nyumbani, na fedha isiyofika kabla ya ada ya shule ni nusu ya fedha.

Mambo ya Ukambani yamekuwa historia, walakini huko kaskazini na katika Bonde la Ufa ng'ombe na askari bado wakutana kila siku. Wizi wa mifugo ambao zamani ulifanywa kwa mikuki, ukalipwa kwa faini, sasa wafanywa kwa bunduki, na mara nyingine mnyama aliyeibwa hapelekwi katika boma la mwizi. Apakiwa katika lori usiku, na kabla ya jua kupanda sana amekuwa nyama katika mji ulio mbali. Februari 2023 Serikali ya Kenya ilipeleka wanajeshi kuwasaidia polisi katika kaunti sita: Turkana, West Pokot, Baringo, Elgeyo-Marakwet, Laikipia na Samburu. Amri ya kutotoka nje usiku ikatolewa. Hakuna mtu mwema awezaye kumlaumu mama wa Baringo kwa kutaka askari karibu na shule ya watoto wake, wala hakuna serikali iwezayo kukaa kimya watu wakiuawa.

Lakini hesabu ya operesheni kama hiyo yapaswa kuandikwa yote. Soko la mnada likifungwa kwa sababu ya hatari, mfugaji mwaminifu hana pa kuuzia, na mchuuzi wa njia za panya amngoja kwa bei yake mwenyewe. Kiangazi kikikaza, mwenye ng'ombe hamsini auza kumi kwa hofu, kwa fedha ambazo wakati wa mvua zingetosha kununua wawili tu. Lori la wizi na lori la halali zapita barabara ile ile. Kinachozitenganisha ni karatasi: kibali cha kuhamisha mifugo, chapa inayosomeka, na askari wa kizuizini awezaye kusoma vyote viwili na asiyetaka kitu mkononi.

Ajabu moja ilitokea Septemba 2020, Serikali ilipokiweka kiwanda cha Athi River chini ya Wizara ya Ulinzi. Wengine walicheka, wakauliza mwanajeshi na buchari wana undugu gani. Mzee wa Ngelani, lau angalikuwa hai, pengine asingalicheka. Angaliuliza maswali mawili tu, yale yale aliyouliza mwaka 1938: je, mwenye ng'ombe aruhusiwa kumrudisha nyumbani asipoipenda bei, na fedha zatolewa siku gani?